Naombeni ushauri: kamera ndogo isiyoingiza maji, ya kuogelea nayo na ya matumizi ya kila siku

Pezi_Refu

Habari zenu wakuu. Natafuta kamera ndogo ya mfukoni isiyoingiza maji. Matumizi yangu ni kuogelea na snokeli (kile kibomba cha kupumulia) baharini, kupiga kasia kwenye kayaki, watoto wakiwa bwawani, halafu siku za kawaida ikae tu kwenye begi niwe napiga picha za hapa na pale, mvua ikinyesha nisihangaike kuificha. Kina siendi mbali, nikizama sana ni mita tatu nne hivi, mtungi wa hewa wa kuzamia situmii.

Simu yangu wanasema ni IP68 (kipimo cha kuzuia vumbi na maji) ila kuipeleka baharini sitaki kabisa, pesa zangu zimo humo, kazi imo humo, ikifa nimekwama kila upande.

Nimesoma soma mitandaoni ila kila kampuni inajisifia kina tu, huyu mita 15 huyu 20 huyu 30, mpaka sielewi niangalie nini. Je, namba ya kina ikiwa kubwa ndio kamera bora? Na je, hizi kamera zinapiga picha nzuri nchi kavu au ni za majini tu? Kuna mtu pia kaniambia nichukue kamera ya akshoni, zile ndogo za kufunga mwilini, niachane na haya yote. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

Kasia_Mbili

Huyo aliyekwambia kamera ya akshoni hajakosea mkuu. GoPro tangu ile Hero5 ya 2016 inazama mita 10 bila kasha lolote, DJI Osmo Action 4 inaenda mita 18 na Action 5 Pro inaenda 20. Unaifunga kifuani au mbele ya kayaki, mikono yote miwili inabaki na kasia, video inatulia hata mawimbi yakikurusha. Hizi za mfukoni kampuni nyingi zimeshaacha kuzitengeneza, jiulize kwa nini.

fundi_lenzi

Kwenye video Kasia_Mbili yuko sahihi, sibishani naye. Lakini Pezi kasema picha, tena za kila siku, na hapo ndipo kamera ya akshoni inapokwama. Haina zumu ya lenzi, haina flashi, pembe yake ni pana mno kiasi kwamba mtu akisogea hatua chache tu anakuwa kadogo katikati ya picha, na ukitaka kupiga kitu cha karibu kabisa, ua, mdudu, kaa mdogo kwenye mwamba, fokasi haishiki.

Sasa hiyo namba ya kina. Kwa mtu anayezama mita tatu nne, karibu kila kamera ya aina hii inakutosha na kubaki, kwa hiyo iweke pembeni. Angalia MWANGA. Kamera hizi karibu zote zina sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ndogo ya ukubwa ule ule, inchi 1/2.3, na utaona lenzi haitokezi nje ukiiwasha, zumu inatembea ndani kwa ndani ya bodi ili kusiwe na kitu kinachoingia na kutoka kikapitisha maji. Muundo huo ndio unaolinda kamera na ndio huo huo unaobana ubora wa picha, huwezi kupata vyote. Kwa hiyo kinachotofautisha moja na nyingine ni lenzi inafunguka kiasi gani.

Olympus TG-6 ya 2019 na mdogo wake OM System TG-7 ya 2023 (ni ukoo mmoja, Olympus waliuza kitengo chao cha kamera, jina likabadilika) zinafunguka f/2.0 (namba ikiwa ndogo, lenzi imefunguka zaidi). Fujifilm XP140 inaanzia f/3.9, Ricoh WG-6 inaanzia f/3.5. Ukipiga hesabu, f/2.0 inaingiza mwanga karibu mara nne ya f/3.9. Hiyo mara nne ndiyo inayoamua kama mtoto anayerukaruka sebuleni jioni anatoka na sura au anatoka ukungu mtupu, na chini ya maji ni vile vile maana mwanga unapungua kila unavyoshuka. Ila ujue f/2.0 hiyo ni pale ambapo hujavuta zumu, ukivuta mpaka mwisho inabana mpaka f/4.9, faida imekwisha. Penye mwanga mdogo usivute, sogea.

Usitishwe na megapikseli pia. TG zina 12 tu, wenzake wana 16 mpaka 20, na kwenye sensa ndogo kama hizi, kuzidisha megapikseli hakukupi chochote cha maana. Kinachonifanya nizipende TG zaidi ni mafaili ya RAW, yaani picha ghafi, wenzake wengi wanakupa JPEG tu, picha ambayo kamera imeshaikamilisha, na kwa picha za majini RAW ni muhimu sana kwa sababu rangi utazirekebisha baadaye nyumbani. Halafu kuna kupiga kwa karibu, inashika fokasi mpaka sentimita 1 kutoka mbele ya lenzi. Unaona vinyweleo kwenye mguu wa nzi. Simu chache sana zitakufanyia hivyo.

Na la mwisho nakwambia ukweli mapema ili usije ukavunjika moyo: mchana, mwanga mzuri, mtu kasimama katulia, simu nzuri ya sasa itakupa picha safi kuliko kamera yoyote kati ya hizi, kwa sababu simu inapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha. Kamera hii unainunua kwa ajili ya maji, mvua, vumbi, mchanga, kupiga kwa karibu, na zumu halisi ya lenzi, TG inatoka 25 (pana) mpaka 100 (imevutwa) milimita. Kama hayo unayafanya kila wiki, itakulipa. Kama ni mara moja kwa mwaka, fikiria tena.

Pezi_Refu

Asante sana fundi, hapa nimeanza kupata mwanga. Video kwangu ni ya ziada tu, napenda picha. Kuna jamaa ananiuzia Nikon W300 iliyotumika, anasema inaenda mita 30, na nimeona Panasonic FT7 nayo imetumika, mita 31. Bei zake ziko chini ukilinganisha na mpya. Mnasemaje?

Chini_ya_Maji

Nilikuwa nasoma kimya ila hapa kwenye zilizotumika lazima niseme kitu.

Kwanza hizo zote mbili zilikuwa kamera nzuri na mita walizosema ni za kweli, W300 mita 30 na FT7 mita 31, tena FT7 ina kidirisha cha kuchungulia kwa jicho kinachosaidia sana juani. Lakini zote hazitengenezwi tena, na mita 30 hizo ni za kamera ikiwa mpya. Kinachozuia maji kwenye kamera za namna hii ni mpira mwembamba unaozunguka mlango wa betri na memori kadi, basi. Mpira huo unazeeka, unakauka, unalala, unashika mikwaruzo. Watengenezaji wenyewe wanashauri ubadilishwe kila mwaka hata kama hujaona tatizo. Sasa kamera iliyokaa miaka mitano sita kwenye droo ya mtu usiyemjua, iliyoanguka mara ngapi hujui, mpira haujawahi kuguswa, wewe unaipeleka baharini kwa kuamini namba iliyoandikwa kwenye boksi? Kwa nchi kavu na mvua chukua tu. Kwa kuzama nayo, hapana, labda upate fundi anayeweza kubadilisha mpira na kuipima kwa presha.

Pili, watu wengi hawajui hiyo namba inapimwaje. Inapimwa kwenye maji matulivu, kamera imetulia. Kila mita 10 unazoshuka presha inaongezeka kiasi kile kile cha hewa yote iliyo juu yetu, ni nzito. Lakini hata juu juu, ukiruka na kamera mkononi kutoka kwenye jukwaa la bwawa, au ukaanguka nayo kutoka kwenye boti inayokimbia, maji yanaipiga kwa nguvu ambayo haimo kwenye hicho kipimo. Kwa hiyo wewe wa mita nne bado unahitaji akiba, 15 ni sawa kabisa. Soma na muda pia. Ricoh WG-80 kwa mfano ni mita 14 kwa saa mbili. Kwenye simu hiyo IP68 ni dakika 30 kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, kina kinategemea mtengenezaji, wengine mita 1.5 wengine 6, na maji yakiingia waranti nyingi haziyatambui. Uamuzi wako wa kuiacha simu nyumbani ni sahihi mno.

Tatu, na hili ndilo ninaloliona likiua kamera kila msimu: namna ya kufunga mlango. Fanya hivi kila mara kabla ya maji. Kaa sehemu yenye mwanga, mikono mikavu. Fungua mlango, pitisha kitambaa laini kikavu kwenye mpira wote kuzunguka, halafu pitisha na kwenye ule ukingo wa bodi ambao mpira unakutana nao, huko ndiko watu wanakosahau. Kisha inamisha kamera kwenye mwanga uangalie kwa pembeni. Unatafuta unywele mmoja, uzi wa taulo, chembe ya mchanga. Unywele mmoja tu ukilala juu ya mpira unaacha njia, na maji hayahitaji zaidi ya hapo. Funga mpaka usikie klik, halafu sukuma ile lachi ya pili ya kufungia, milango mingi ya hizi kamera ina hatua mbili na ile ya pili ndiyo inasahaulika.

Usipake grisi ya silikoni kwenye mpira wa kamera yenyewe isipokuwa kitabu chake kinasema upake. Grisi ni ya mipira ya makasha ya nje, kwenye mpira wa mlango inashika mchanga.

Betri iweke ikiwa imejaa chaji na kadi ikiwa na nafasi kabla hujatoka nyumbani, ufukweni usifungue hata kidogo. Ukifungua kwenye hewa yenye unyevu, unyevu unaingia ndani, ukishuka kwenye maji ya baridi unaganda kwenye kioo cha lenzi kwa ndani na siku nzima picha zako zina ukungu. Na usiiache juani ikawa moto halafu ukaitumbukiza ghafla, hewa ya ndani inasinyaa, inavuta, na kama mpira una kasoro ndogo ndipo maji yanaponyonywa.

Ukitoka baharini loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi dakika kadhaa, mlango ukiwa UMEFUNGWA, bonyeza bonyeza vitufe humo humo majini ili chumvi itoke chini yake, chezesha na leva ya zumu. Futa, anika kivulini. Usitumie kipulizia nywele. Chumvi ikikauka inakuwa chembe ngumu, na chembe hizo zinakata mpira taratibu bila wewe kujua.

MamaWatatu

Chini_ya_Maji umeniwahi kwenye mengi, mimi naongezea ya watoto maana hapo nina uzoefu.

Nunua kamba ya mkononi INAYOELEA. Kamera hizi hazielei, TG-7 ina gramu 249 hivi na ikitoka mkononi inakwenda moja kwa moja chini, na sehemu yenye kina umeshaiaga. Ila usinunue kamba yoyote tu, kila kamba ina uzito inaobeba, nyingine zimetengenezwa kwa kamera nyepesi. Ukiipata ijaribu kwanza kwenye ndoo au upande wa bwawa usio na kina, kamera ikiwa na betri na kadi ndani, uone inabaki juu au inazama taratibu. Rangi chagua chungwa au njano, nyeusi na bluu hazionekani majini.

Kuanguka usiogope sana, TG hizi zinastahimili kuanguka kutoka mita 2.1 na kukandamizwa kwa uzito wa kilo 100, baridi mpaka nyuzi 10 chini ya sifuri. Ila ikianguka vibaya kagua mlango kabla ya kuirudisha majini, bodi inaweza kuwa nzima na lachi ikawa imepinda kidogo.

Jambo jingine ambalo wanaume hapa hamjalitaja ni vitufe. Shika kamera mkononi ukiwa dukani ujaribu kubonyeza kwa vidole vilivyosinyaa kwa maji, au funga macho upapase. Skrini ya kugusa chini ya maji haina kazi, kila kitu kinategemea vitufe, na nyingine vitufe vyake ni vidogo na vimebanana mtoto hawezi. Kwa watoto wangu kamera ambayo kitufe cha picha ni kikubwa na kimekaa peke yake ndiyo wanayoitumia wenyewe bila kuniita, na picha zao za chini ya maji ndizo tunazozitazama zaidi kuliko zote, nyuso zimevimba mashavu, macho yametoka, mapovu kila mahali. Usiwanyime wapige wenyewe.

Kasia_Mbili

Haya kwa maelezo ya picha nakubali, kwa matumizi ya Pezi kamera ya mfukoni ina maana. Ila kwenye kayaki asije akaishika mkononi huku anapiga kasia. TG ina tundu la skrubu chini sawa na kamera nyingine, ipate kishikio uifunge mbele yako, na kamba uifunge kwenye kayaki yenyewe, si kwenye kishikio, maana vishikio vinang'oka. Video yake ni 4K fremu 30 kwa sekunde, kwa kumbukumbu za familia inatosha, kutulia haiwezi kufika kamera ya akshoni.

Pezi_Refu

Daah wakuu nimesoma yote mara mbili. W300 ya jamaa naiacha. Nadhani nakwenda na TG-7, au TG-6 mpya kabisa kama bado nitaipata, kama kuna tofauti kubwa mniambie. Swali la mwisho: picha za chini ya maji ninazoona kwa watu wengi zinatoka bluu au kijani tupu, samaki mwekundu anaonekana wa kijivu. Ni kamera mbovu au ni nini? Niwashe flashi?

fundi_lenzi

TG-6 na TG-7 kwa picha ni karibu kitu kimoja, lenzi ile ile. TG-7 imeongeza USB-C, kushika kwenye bodi kumeboreshwa kidogo na video ya wima ipo. Ukipata TG-6 mpya yenye waranti kwa bei nafuu chukua wala usijute. Mpya lakini, Chini_ya_Maji ameshaeleza kwa nini.

Rangi si ubovu wa kamera, ni maji. Maji yanakula mwanga mwekundu kwanza, mita chache tu umeshapungua sana, ukifika mita 5 mpaka 10 mwekundu umekaribia kuisha, chungwa linafuata, njano, inabaki kijani na bluu. Samaki mwekundu anakuwa wa kijivu kwa sababu hakuna mwanga mwekundu wa kumpiga. Na hesabu safari yote ya mwanga, kutoka juu mpaka kwa samaki, halafu kutoka kwa samaki mpaka kwenye lenzi. Ndiyo maana kusogea karibu kunarudisha rangi kuliko setingi yoyote. Mita moja kutoka kwa samaki ni nyingi, nusu mita ni nzuri.

Chini ya maji pia vitu vinaonekana viko karibu kwa kama robo kuliko vilivyo, kwa hiyo ukidhani umeshafika, bado. Songa. Lenzi nayo inabana, hiyo milimita 25 yako inakuwa kama 33 hivi, sababu nyingine ya kuacha zumu kabisa ukiwa majini.

Flashi kwa mbali usiwashe. Iko karibu mno na lenzi, inamulika kila chembe inayoelea katikati na picha inajaa vidoa vyeupe. Kitu kikiwa sentimita 20 au 30 mbele yako na maji ni masafi, hapo iwashe, rangi zinarudi zote. Kwingine tumia jua. Saa za katikati ya mchana ndizo nzuri, jua likiwa juu linapenya, asubuhi mapema na jioni mwanga mwingi unagonga uso wa maji na kuruka. Shuka chini kidogo ya unachopiga uelekeze kamera juu juu, usipige ukielea juu ukiangalia chini, mgongo wa samaki na mchanga havina picha.

Kwenye TG kuna setingi za rangi za majini zimegawanywa kwa kina, maji mafupi, ya kati na marefu, wewe utakaa kwenye hizo mbili za kwanza. Piga RAW pamoja na JPEG. JPEG unawatumia ndugu siku hiyo hiyo, RAW unakaa nayo nyumbani unarudisha mwekundu taratibu. Mpaka mita tatu nne za kwako unarudi vizuri sana, ukishuka zaidi kuna mahali hakuna kilichobaki cha kurudisha.

Chini_ya_Maji

Naongeza moja tu Pezi. Kamera ikifika, kabla ya bahari ifunge vizuri kama nilivyoeleza, iweke kwenye beseni la maji safi nusu saa, angalia kama kuna mapovu membamba yanayotoka mfululizo upande wa mlango. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa nje, hayo ni kawaida. Yakiendelea kutoka sehemu moja itoe, ikaushe nje vizuri, fungua mlango ukiwa umeuelekeza chini, na uirudishe dukani siku hiyo hiyo. Na siku ukiamua kujifunza mtungi usiuze kamera, kuna kasha lake la nje linaloifikisha mita 45, hapo ndipo utahitaji ile grisi.

Pezi_Refu

Nimeelewa wakuu, beseni kwanza. Nitaiagiza wiki hii pamoja na kamba ya chungwa na mpira wa akiba. MamaWatatu, watoto nitawaachia wapige wenyewe, na picha zao nitaziweka hapa hapa.